Mtu Aliyeupima Mji kwa Miguu

Yule mzee hakuweza kutembea kama watu wengine. Ukiongozana naye hata kwenda kununua mkate uliona midomo yake inacheza, kumbe anahesabu hatua. Hatua yake moja ilikuwa sentimita sabini na tano, na kwa hatua hizo aliupima mji wote wa Kolwezi, kuanzia nyumba za matofali za kampuni ya migodi hadi vile vibanda vya udongo ambavyo havikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Ukimsemesha katikati ya hesabu alikuinulia kidole kimoja, akaendelea mpaka mwisho, akaandika nambari kwenye kidaftari, ndipo akakugeukia akitabasamu.

"Eeh, mama, ulisema nini?"

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Mjini watu walimwita Tata wa Plani, yaani Baba wa Ramani, na yeye aliitika. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya mipango ya mji, chumba kikubwa nyuma ya jengo la meya, chenye madirisha marefu na meza nne za kuchorea. Mimi nilikuwa mchapaji wa ofisi hiyohiyo. Siku yangu ya kwanza, kabla hata sijaondoa kifuniko cha mashine ya kuchapa, aliniuliza tunakaa wapi. Nikamweleza, kwa shida, maana mtaa wetu haukuwa na jina rasmi. Akaenda kwenye ukuta penye ramani, akaweka ncha ya penseli juu ya kisanduku kidogo kama punje ya mchele.

"Njo hapa," akasema, yaani ndipo hapa. "Mulango yenu inaangalia ku reli. Na kuko muti ya avoka mu parseli, nyuma."

Nilikodoa macho. Mti wa parachichi ulikuwepo kweli, nyuma ya kiwanja. Sikuwahi kufikiri kwamba nyumba ya baba yangu inaweza kuwa ndani ya ofisi ya serikali, imechorwa na wino mweusi, pamoja na mlango wake. Jioni nilipowaeleza nyumbani, baba alitoka nje akautazama mlango kana kwamba umewekwa leo.

Ramani za zamani, zile za kampuni, zilionyesha machimbo, reli, na kambi za wafanyakazi zilizopangwa kama vipande vya sabuni. Kwingine kote kulikuwa kweupe. Mzee hakuuvumilia huo weupe. Alikuwa anaugonga kwa kidole na kuuliza mtu yeyote aliye karibu, hata aliyekuja kutafuta muhuri tu: "Na hapa, nani anaikalaka?" Kama hakuna aliyejua nani anakaa pale, kesho yake asubuhi hakuonekana ofisini. Alirudi saa nane na vumbi jekundu hadi magotini, anakula muhogo wa kuchoma aliopewa njiani, na kidaftari kimejaa. Mkuu wa ofisi alimkaripia kwa utoro karibu kila mwezi. Mzee alisikiliza kwa heshima, akasema "Ndiyo, chef," na mwezi uliofuata akatoroka tena.

Penseli zake alizichonga kwa wembe, akazitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, na ole wako uguse. Mwandiko wake ulikuwa wa kipekee. Herufi R aliichora na mguu mrefu unaotoka mbele, kama mtu anayeshuka ukingo wa barabara. Nilimuuliza kwa nini. Akasema herufi nyingine zote zimesimama tu, hii peke yake inakwenda kazini.

Usifikiri alikuwa mtu wa kunyooka katika kila kitu. Ukuta wa nyumba yake mwenyewe uliingia barabarani mita moja na nusu. Aliujenga ujanani, kabla hajajua kupima, na hakuubomoa kamwe. Lakini kila alipochora upya mtaa wake aliuweka ukuta ule kwa wino mwekundu, alama ya kitu kinachopaswa kuvunjwa. Majirani waliokuja kulalamika kwamba amewachorea wekundu walimrushia swali hilohilo: "Na ukuta yako, tata?"

"Iko rouge pia. Enda uone."

"Lakini iko imesimama!"

"Na yako iko imesimama. Tuko sawa."

Na Jumapili, huyo mtu wa vipimo aliimba sauti nzito katika kwaya ya parokia, akitangulia wenzake nusu mstari. Alimaliza wimbo kabla ya wote, akafunga kitabu, akawangoja. Padri alimwomba apunguze mwendo. Mkewe alimwomba. Mwishowe kwaya ndiyo iliyojifunza kukimbia naye.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Sitaeleza mambo ya shaba na bei zake, sikuyajua wakati ule na sasa nayajua kidogo tu. Nilichokiona ni kwamba honi ya zamu, iliyokuwa ikituamsha sote, ilianza kuruka siku. Waume walianza kuonekana nyumbani mchana, wamekaa barazani. Watu walihama kambi, wakajenga popote, na mji ukavimba upande ambao haukutegemewa. Hapo ndipo meya alipotangaza kwamba Kolwezi inahitaji mpango mkuu mpya, na kwamba kazi hiyo haitafanywa na ofisi yetu. Imepewa biro, yaani ofisi, ya wataalamu binafsi kutoka nje.

Walikuja watatu na jeep moja. Mkuu wao alikuwa injinia kijana, mpole, aliyevaa viatu vyeupe. Sijui nani alimshauri avae viatu vyeupe Kolwezi. Walitwaa meza tatu za kuchorea, wakatuachia moja, na wakatuambia kwamba kazi yetu sasa ni kuwasaidia wakiuliza. Hawakuuliza. Walitandaza picha kubwa iliyopigwa kutoka kwenye ndege, nzuri ajabu, wakaanza kuchora juu yake. Mzee alikaa kwenye meza yake moja akichonga penseli ambazo zilikuwa zimeshachongwa.

Siku ya nne alisimama, akaenda kuitazama kazi yao. Nilikuwa nachapa karibu, nikaacha. Wamechora barabara pana, imenyooka kama uzi, inatoka stesheni mpaka upande wa machimbo.

"Hii itapita wapi, injinia?"

"Hapa, mzee. Ni eneo tupu."

"Hii picha ya ndege ni ya mwaka gani?"

Injinia akaigeuza, akasoma nyuma, akakohoa. Ilikuwa ya zamani. Ilikuwa imepigwa wakati mimi bado nasoma shule ya msingi.

"Twende tutembee," mzee akasema. "Hapana jeep. Jeep haionaka kitu."

Waliondoka saa mbili asubuhi. Walirudi karibu na kufunga ofisi. Viatu vyeupe havikuwa vyeupe tena, kimoja hakikuwa na soli, na injinia mwenyewe alikuwa na matope hadi kiunoni kwa sababu aliteleza kwenye chemchemi ambako mama za mtaa huchota maji. Nilisikia baadaye kwamba mama hao ndio waliomtoa, kwa kumvuta mikono miwili, na walicheka kiasi cha kumwaga ndoo zao. Wakamkalisha, wakampa bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na wakati anakula akahesabu milango inayoonekana kutoka pale alipokaa. Lile eneo tupu lilikuwa na watu mamia kwa mamia. Lilikuwa na kanisa, na makaburi, na kichuguu kikubwa kama nyumba ambacho watoto walikifanya uwanja wa kutelezea.

Kijana yule hakuwa mjinga wala mbaya. Alikaa kwenye kiti, akavua kile kiatu kimoja, akasema, "Nimebaki na wiki sita. Siwezi kuupima mji huu katika wiki sita."

"Wewe huwezi," mzee akasema. "Mi nimeshaupima."

Ndivyo ilivyokuwa. Nasema hivi kwa sababu niliona kwa macho yangu. Mji uliwapa wageni kazi ya kuupanga mji, na wageni wakaipeleka nyumbani kwa mchora ramani wa mji, kwenye meza ya kulia chakula, kando ya cherehani ya mkewe. Yeye alichora, wao wakatia sahihi. Nilimuuliza kama haoni uchungu, maana mimi niliuona kwa niaba yake.

"Uchungu iko," alinijibu. "Lakini angalia, mama. Kama nikikataa, batachora hii barabara yabo ya kunyooka, kisha bulldozer inakuya. Ile bulldozer haitauliza nani alitia sahihi. Wao babebe jina. Mi nabeba barabara."

Sharti lake lilikuwa moja tu, barabara ipinde. Ipinde kabla ya chemchemi, izunguke kanisa na makaburi, itokee upande wa pili. Injinia akakubali.

Siku ya kuwasilisha mpango, ukumbi wa meya ulijaa. Ramani ilitundikwa, yenye rangi kama kitenge kipya, na pembeni jina la biro kwa herufi kubwa. Nikasogea kusoma. Herufi R zote zilikuwa zimetoa mguu mbele.

Meya alifurahi mno. Akatugeukia sisi wa ofisi, tuliokaa nyuma, akasema, "Munaona? Hii njo kazi ya wataalamu. Ninyi mungechukua miaka kumi, na bado mungeleta karatashi ya uchafu."

Mimi nilitazama chini. Mzee alipiga makofi kwa nguvu kuliko watu wote.

Kisha meya akanyanyua fimbo, akafuata ile barabara, akafika penye kona, akataka sababu. "Lakini hapa, juu ya nini inapinda?"

Injinia akaenda mezani. Akageuza kurasa za ripoti, ripoti niliyoichapa mimi, na nilijua kwamba hamna sentensi moja juu ya kona. Hapo sauti nzito ikatoka nyuma, ikitangulia kila mtu kama kawaida yake.

"Ni sababu ya kiufundi, Bwana Meya. Udongo wa pale hauwezi kubeba uzito. Hata injinia mwenyewe alizama."

"Ni kweli," injinia akasema haraka. "Nilizama."

Meya akatikisa kichwa kwa kuridhika na fimbo ikaendelea. Barabara ile haikujengwa yote, fedha za kampuni zilikauka kabla. Lakini mawe ya mipaka yaliwekwa, nyumba za pale chemchemini zikapata nambari, na hakuna bulldozer iliyokuja.

Miezi haikuwa mingi kabla ya ule wakati mwingine, wa watu wa Kasai kufukuzwa. Wanaoukumbuka hawapendi kuueleza, na mimi ninayo sababu yangu. Mzee alikuwa wa asili ya Kasai, mkoa mwingine. Baba yake aliletwa kufanya kazi migodini, kama wengi. Mimi ni wa hapa, familia yetu ni ya kaskazini ya Katanga, na kabla ya siasa zile sikumbuki siku ambayo jambo hilo lilikuwa na maana ofisini, ila kwa utani wa vyakula. Kisha hotuba zikaanza, redio ikaanza, na vijana wakaanza kupita mitaani wakiwaita majirani zao wadudu. Siku moja mkuu wa ofisi aliweka karatasi juu ya mashine yangu. Orodha ya wafanyakazi wa Kasai, ya kuachishwa kazi. Nakala tatu.

Nilichapa. Sikuuliza kitu. Nilikuwa na watoto wawili na mume asiye na kazi, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na vidole vilikwenda kama siku zote. Jina lake lilikuwa la sita.

Kesho yake orodha ilibandikwa mlangoni. Watu waliisoma na kuondoka, wengine wakilia. Mzee alisimama, akasoma kutoka juu hadi chini bila haraka. Akatoa penseli mfukoni, akasahihisha herufi moja katika jina la mwenzake, maana nilikuwa nimekosea. Akaingia ndani, akachukua kopo lake la penseli, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Nami pia alinipa mkono. Sikuweza kumtazama.

Wiki hiyohiyo vijana walimtoa nyumbani. Yeye na mkewe walikwenda stesheni na cherehani, kama maelfu ya wengine, kungoja treni ya kwenda Kasai. Treni hazikuja. Watu walikaa pale wiki baada ya wiki, chini ya mashuka na mabati, wengine ndani ya mabehewa mabovu. Mjini walisema kuna kuhara, kuna watoto wanaokufa. Ilikuwa kweli.

Ilinichukua muda kupata moyo wa kwenda. Nilipokwenda nilibeba sufuria ya bukari na samaki wa chumvi, nimejifunga kitenge hadi kichwani nisitambulike. Nilitegemea kuona fujo. Upande mmoja wa stesheni ndivyo ilivyokuwa. Lakini upande wa pili, penye uwanja wa makaa ya mawe, vibanda vilikuwa vimesimama kwa mistari. Kati ya mistari kulikuwa na njia, zimetiwa majivu pembeni, na kila njia ina jina kwenye kipande cha ubao. R zilikuwa zinakwenda kazini. Maji yalikuwa upande mmoja, vyoo upande mwingine kabisa, mbali, kule upepo unakoelekea.

Nilimkuta amepiga magoti na kamba mkononi. Alikuwa amekonda. Alinitambua kwa miguu yangu, kabla hajainua uso.

"Karibu, mama. Upite mu avenue, usikanyage nyumba ya batu."

Mzungu mmoja wa misaada alikuwa ametangulia kufika, akamuuliza kwa Kifaransa ni biro gani iliyopanga kambi hii, maana alitaka kuwaandikia. Mzee akamjibu kwamba biro hiyo ni ndogo, ina miguu miwili. Alinisimulia hilo akicheka mpaka akakohoa. Alikuwa anafurahi kweli. Aliniambia kwamba mji huu ndio wa kwanza katika maisha yake uliojengwa jinsi alivyouchora, bila meya.

Nilikuwa bado nimeshika sufuria. Nikasema, "Tata, ile liste. Ni mi nilichapa."

"Najua. Mu biro yetu kuko mashine moja."

"Nilikosa."

Nilitumaini atasema si kitu.

"Ndiyo," akasema. "Ulikosa." Kisha akaninyoshea ncha ya kamba. "Sasa weka ile sufuria, shika hapa, uende mpaka ku ile jiwe. Kuna familia tano zinakuya leo, haziko na mahali."

Nilishika. Nilirudi kila siku niliyoweza, nikishika kamba, mpaka asubuhi moja nikakuta treni imekuja na imeondoka. Njia zilibaki, na majivu pembeni.

Mwaka uliofuata ile biro ya wataalamu iliandika barua. Imepata kazi ya pili mjini, na inaiomba ofisi yetu iwape tena yule fundi mwenye uzoefu. Meya aliniagiza nijibu kwamba fundi huyo hayupo. Nilichapa kwamba tulimfukuza. Meya alisoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni, wala hakuniambia nichape nyingine.

Miaka mingi baadaye mtoto wa dada yangu aliolewa Mwene-Ditu, mji wa Kasai. Nilipanda treni kwa siku ambazo sitaki kuzihesabu. Baada ya harusi niliulizia mitaani juu ya mzee mmoja anayetembea huku midomo inacheza. Mtu wa tatu niliyemuuliza alinionyesha kwa kidole. "Yule konsilta? Eko ku soko mupya."

Nilidhani nimesikia vibaya, mzee wetu kuitwa mtaalamu mshauri. Lakini alikuwa yeye, mvi tupu, amevaa kofia ya nyasi, na mbele yake mstari wa vigingi. Tulishikana mikono muda mrefu. Kisha akapiga kifua.

"Sasa mi njo biro binafsi," akasema. "Biro nzima! Huku wilaya haiko na mutu wa plani hata mumoja, basi balinipa kazi. Injinia mwenyewe angeniona, angenipa viatu vyake vyeupe."

Nilicheka mpaka machozi. Akaanza kunionyesha soko litakavyokuwa, samaki huku, nguo kule, njia ya kupita gari la takataka. Hatukufika mbali. Mama mmoja muuza unga alikuwa amesimama juu ya kigingi kimoja, mikono kiunoni, na alikuwa anamfokea kwa Chiluba, lugha ya Kasai. Sikuelewa yote, ila neno moja lilirudi mara nyingi.

"Anakuita nani?" nikamuuliza.

"Mukatanga. Mutu wa Katanga." Uso wake ulikunjuka wote kwa furaha. "Huku bote bananiita hivyo. Anasema huyu Mukatanga ametoka kwao kuja kumupitishia njia mu meza yake."

"Na wewe unajibu nini?"

"Najibu ndiyo, mama, njo mimi."

Akamsogelea yule mama, akatazama meza, akatazama mstari wake ulionyooka vizuri. Akamwomba radhi, asogee kidogo. Kisha akainama, taratibu kwa sababu ya magoti, akang'oa kigingi, akahesabu hatua mbili za sentimita sabini na tano pembeni, na akaanza kukigongomea upya kwa jiwe, huku yule mama akimwonyesha kwa mguu mahali hasa.